Kumsoma Seamus Heaney kwa sikio kwanza: uzi juu ya mshairi wa Ireland

Mwanzisha uzi

Ndugu wana jukwaa, naomba tuzungumze juu ya Seamus Heaney, mshairi wa Ireland aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1995 na kufariki Dublin tarehe 30 Agosti 2013. Nimesita kwa muda kuufungua uzi huu, kwa kuwa wengi wetu washairi wa nchi za mbali tuliwasoma kwa ajili ya mtihani, na asomaye shairi kwa ajili ya mtihani huagana nalo mlangoni pa chumba cha mtihani. Mimi mwenyewe niliagana nalo hivyo. Mwalimu wetu wa kidato cha tano alikuwa akiandika dhamira ubaoni kabla hatujafungua kitabu: mgongano wa vizazi, thamani ya kazi, mabadiliko ya jamii. Shairi lilisomwa kimya kimya, dhamira zikanakiliwa, kengele ikalia. Nilijibu swali juu ya shairi la Heaney liitwalo "Digging", yaani "Kuchimba", nikapata alama nzuri, na ukweli ni kwamba sikuwa nimelisikia hata mara moja.

Nililisikia miaka mingi baadaye, nilipomsomea binti yangu aliyekuwa na kazi ya nyumbani na ambaye usiku ule hakutaka kusoma mwenyewe. Nilipofika katikati, mdomo ulianza kuona mambo ambayo macho hayakuwahi kuyaona. Kuna mahali Heaney anakumbuka udongo wa kinamasi ukikatwa, na maneno yake ni "squelch", "slap" na "soggy". Yatamke polepole. Meno yanakutana, ulimi unateleza, midomo inafunga kwa pigo, na kabla hujajua maana yake umekwisha kusikia chepe likiingia topeni na bonge la tope likitua juu ya majani. Sisi tuliokua tukisikia jiwe likitumbukia majini chubwi na gunia likianguka chini pu hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo. Tanakali za sauti tumezaliwa nazo. Tatizo ni kwamba tukifika kwenye shairi la Kiingereza tunaziweka kando, kana kwamba Mzungu hutunga kwa mawazo matupu.

Hoja yangu basi ni moja. Heaney asomwe kwa mdomo kwanza, kisha kitafutwe kitu kimoja kinachoshikika ndani ya shairi na kitazamwe kwa makini, na historia ya Ireland ije baadaye, ikiitwa na shairi lenyewe.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa tarehe 13 Aprili 1939 katika shamba la Mossbawn, kaunti ya Derry, Ireland Kaskazini, sehemu ya kisiwa iliyobaki chini ya Uingereza, akiwa mtoto wa kwanza kati ya tisa. Baba yake alikuwa mkulima na mchuuzi wa ng'ombe. Familia ilikuwa ya Kikatoliki, katika nchi ambamo Waprotestanti walio wengi ndio walioshika madaraka. Alipata ufadhili akaenda shule ya bweni mjini Derry akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, akawa mwalimu. Diwani yake ya kwanza, "Death of a Naturalist", ilitoka mwaka 1966, na ya mwisho, "Human Chain", mwaka 2010.

Nirudi kwenye "Digging", maana ndilo shairi linalofungua diwani ya kwanza, na yeye mwenyewe alilihesabu kuwa mahali alipoanza kujisikia kuwa mshairi. Nafsi neni imeketi dirishani, kalamu mkononi. Chini ya dirisha baba anachimba bustani ya maua. Mlio wa chepe kwenye changarawe unamrudisha mwandishi miaka 20 nyuma, baba yule yule akichimba viazi, na kutoka hapo anamkumbuka babu, ambaye kwa siku moja alikata udongo wa kinamasi kuliko mtu mwingine yeyote pale. Sasa nawaomba mtazame chupa. Siku moja mtoto alimpelekea babu maziwa katika chupa iliyozibwa kwa karatasi, tena ikazibwa ovyo. Babu akanyoosha mgongo, akanywa, akainama tena papo hapo kuendelea na kazi. Hicho kizibo cha karatasi ndicho kinachonifanya niamini kila kitu kingine katika shairi hilo. Mtungaji wa uongo angempa babu kibuyu kizuri.

Lipo jambo jingine ambalo dhamira za ubaoni hazikutuonyesha. Mwanzoni kalamu imekaa mkononi na mshairi anasema imetulia humo kama bunduki. Mwishoni anarudia maneno yale yale ya kidole, gumba na kalamu, ila bunduki haipo tena, na mahali pake pana ahadi kwamba atachimba kwa kalamu hiyo. Bunduki imekwenda wapi? Hasemi. Msomaji asiyesikiliza marudio hatajua kwamba kitu kimeondolewa.

Nawakaribisha kwa hoja, maswali na upinzani.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Shikamoo mwalimu, na ahsante kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na nina swali ambalo huenda likaonekana dogo. Huo udongo wa kinamasi wanaoukata kwa chepe ni wa kazi gani? Katika kamusi yangu nimekuta maelezo yanayofanana na mboji, lakini sielewi kwa nini mtu akate mboji siku nzima na kusifiwa na mjukuu wake.

Mchangiaji kutoka Kigali

Naomba nimjibu mdogo wetu wa Dodoma, kwa sababu kitu hicho kipo kwetu. Kwa Kinyarwanda kinaitwa nyiramugengeri. Ni mabaki ya mimea yaliyokaa katika maji ya kinamasi kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, yakagandamana na kuwa udongo mweusi wenye nyuzinyuzi. Hukatwa katika vipande kama matofali, huanikwa hadi vikauke, kisha huwashwa motoni. Rwanda na Burundi huchimbwa kuwa nishati, na kwetu umeme pia umezalishwa kwa udongo huo. Ireland ndio uliokuwa kuni za watu wa shamba kwa karne nyingi, kwa hiyo babu anayesifiwa kwa kukata kuliko wenzake anasifiwa kama mtu aliyeijaza familia kuni za mwaka mzima.

Niongeze jambo linalohusu ushairi wenyewe. Kinamasi cha namna hiyo kina tindikali na hakina hewa ya kutosha, hivyo kitu kikizama humo kinaweza kudumu ajabu. Heaney ana shairi liitwalo "Bogland", la mwisho katika diwani yake ya mwaka 1969, ambamo wachimbaji wanatoa mifupa ya paa mkubwa wa kale, na wanatoa pia siagi iliyozikwa zaidi ya miaka 100 na bado ikawa nyeupe, yenye chumvi. Nilipoisoma siagi hiyo nilisimama. Nchi nyingine huhifadhi kumbukumbu zao katika makasri. Yeye anasema ya kwao imehifadhiwa na tope, na kwamba kila tabaka wanalolifikia linaonekana kama limewahi kukaliwa na watu.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Nami nitoe ushuhuda wa darasani, nikiunga mkono mbinu ya mwanzisha uzi ya kuanza na sauti na kitu kimoja.

Nilifundisha "Mid-Term Break", yaani "Likizo ya Katikati ya Muhula", kwa wanafunzi wa bweni. Sikuwaambia chochote juu ya mshairi. Niliwaambia tu jina la shairi, nikawauliza wanatarajia nini, wakasema safari, chakula cha nyumbani, kulala hadi saa tatu. Kisha nikasoma. Mtoto ameketi asubuhi nzima katika chumba cha wagonjwa cha shule, anahesabu kengele za vipindi. Saa nane mchana majirani wanampeleka nyumbani. Mlangoni baba analia, baba ambaye misiba ya watu siku zote aliichukulia kwa utulivu. Mtoto mchanga anacheka na kutikisa kigari chake. Wazee wanainuka kumpa mkono na kumpa pole, na kijana anaona haya. Mama anamshika mkono, anatoa pumzi za hasira zisizo na machozi.

Hapo darasa lilikuwa kimya, na msichana mmoja wa nyuma akasema, "Hawajamwambia." Nilimwuliza anajuaje. Akajibu kwamba nyumbani wakija kukuchukua shuleni katikati ya juma na hakuna anayezungumza ndani ya gari, hujaambiwa, lakini umeshajua. Hakuna mwongozo wa mwalimu wenye maelezo bora kuliko hayo. Shairi zima limejengwa juu ya kucheleweshwa kwa habari: hatujui aliyekufa ni nani hadi karibu na mwisho, na umri wake hatuupati ila katika mshororo wa mwisho kabisa, ambao umesimama peke yake baada ya beti saba za mishororo mitatu mitatu. Aliyekufa ni mdogo wake aliyegongwa na gari. Mshororo wenyewe unasema kasha ni la futi nne, futi moja kwa kila mwaka.

Historia niliwaeleza baadaye: kwamba ni kweli, kwamba mdogo wake Christopher alikufa Februari 1953, Heaney akiwa bweni. Nilitaka wajue, lakini sikutaka wajue kwanza.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni kwamba tusiwaulize wanafunzi "mshairi anatufundisha nini juu ya kifo" mara tu baada ya kulisoma. Wapeni hata dakika mbili.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nimewasoma kwa makini na ninawaheshimu, lakini naona uzi unaelekea kuwa wa sifa tupu. Ngoja nilete upande wa pili.

Ghasia za Ireland Kaskazini, baina ya Wakatoliki, Waprotestanti na askari wa Uingereza, zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, zikaendelea kwa takriban miaka 30 na kuua zaidi ya watu 3,500. Heaney alikuwa Belfast zilipopamba moto, na mwaka 1972 akahamia Wicklow, kusini, akaishi katika nyumba ndogo ya shambani. Sisemi alikosea kuhama. Mtu ana watoto. Ninachouliza ni hiki: katikati ya mauaji hayo, mshairi mkubwa kuliko wote wa nchi hiyo alikuwa akituambia nini? Alikwenda Denmark kutafuta maiti za kale.

Kwa wasiojua, alikuwa amesoma kitabu cha mwanaakiolojia wa Denmark, P. V. Glob, juu ya maiti zilizofukuliwa katika vinamasi vya kaskazini mwa Ulaya, watu waliouawa katika zama za chuma, ngozi na nywele zao bado zikiwapo. Humo akapata mashairi kama "The Tollund Man", na katika diwani ya "North" ya mwaka 1975 likaja "Punishment", yaani "Adhabu". Anamtazama msichana aliyenyolewa nywele, kamba shingoni, aliyezamishwa kwa kosa la uzinzi, na kupitia kwake anawaona wasichana Wakatoliki wa Belfast waliopakwa lami na watu wa upande wao kwa kosa la kuwa na urafiki na askari wa Kiingereza. Kisha anasema, kwa maneno yake, kwamba angeshtuka kama mstaarabu, lakini kisasi hicho cha ukoo anakielewa. Anakielewa! Ciaran Carson, mshairi mwenzake wa Belfast, alimshutumu wakati ule ule kwa kuyageuza mauaji kuwa visasili na matambiko, kana kwamba hayana wenye kuyatenda wala siasa iliyoyazaa. Nami nakubaliana naye. Lugha tamu inaweza kuwa blanketi.

Jambo dogo la pembeni: maiti ile ya Windeby, Ujerumani, iliyompa shairi, baadaye ilichunguzwa upya na kuonekana kuwa ya mvulana wa miaka kama 16. Kwa hiyo hata huyo mzinifu hakuwapo.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Nairobi, umelileta jambo ambalo nilitaraji lingekuja, na sitalikwepa.

Kwanza nikubali unachostahili kukubaliwa. "Punishment" ni shairi linaloudhi, na nadhani Carson aliona hatari ya kweli. Ukilisoma kwa sauti, mishororo ni mifupi mno, mingine ina maneno matatu au manne tu, nayo inashuka ukurasani kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Uzuri wake unakuvuta uendelee kutazama mwili wa mtu aliyeuawa. Ila sikubali kwamba mshairi hajioni. Ndani ya shairi anajiita mchunguliaji, na anasema wazi kwamba naye, zamani zile, angerusha mawe ya ukimya. Tena anakiri kwamba wasichana wa kwao walipolia kando ya vyuma vya uzio alisimama bubu. Kwangu huyo ni mtu anayejitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kama anasema anakielewa kisasi, anasema kwa sababu amekulia katika nyumba ambazo wanakielewa, na alichagua kutosema uongo juu ya hilo. Mnaweza kusema haitoshi. Mimi mwenyewe kuna siku naona inatosha na siku naona haitoshi.

Lakini naomba tusiishie mwaka 1975, kwa sababu aliendelea kubishana na nafsi yake, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Katika "Field Work", diwani ya mwaka 1979, kuna "Casualty", shairi la mvuvi wa mikunga, mnywaji mzuri, mtu wa maneno machache. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa Kiingereza waliwaua kwa risasi watu 13 waliokuwa katika maandamano mjini Derry. Upande wa Wakatoliki ukatangaza watu wasitoke usiku. Mvuvi yule hakuwa mtu wa kukatazwa pombe, akatoka, na bomu likamwua. Heaney anauliza: alikuwa na kosa gani usiku ule alipovunja mshikamano wa ukoo wetu? Zingatieni neno "wetu". Swali halijibiwi, na mahali pa jibu anaikumbuka asubuhi moja walipokwenda wote ziwani, mashine ya boti ikinguruma taratibu na ukungu ukiifunika nchi kavu. Huyu si mtu aliyejificha Denmark.

Na katika diwani hiyo hiyo kuna "The Strand at Lough Beg", kwa ajili ya binamu yake Colum McCartney aliyeuawa barabarani mwaka 1975. Katika shairi, Heaney anaupata mwili, anapiga magoti, anaufuta damu na tope kwa umande na kuvumwani iliyolowa. Ni zuri sana. Miaka mitano baadaye akatoa "Station Island", shairi refu la hija ya Lough Derg ambamo mizuka ya waliokufa inamtokea mmoja baada ya mwingine, na binamu huyo huyo anakuja kumkaripia. Anamwambia kwamba aliupaka chokaa ubaya wa kifo chake, kwamba alikitia sukari kwa umande wa asubuhi. Yaani Heaney alichukua shairi lake zuri kuliko mengi, akampa marehemu mwenyewe nafasi ya kulikanusha, tena kwa hoja ile ile unayoileta wewe leo ya lugha tamu kuwa blanketi. Ni mshairi gani mwingine mnayemjua aliyejifanyia hivyo hadharani?

Mchangiaji kutoka Nairobi

Hilo la binamu sikulijua. Nitalisoma kabla sijaendelea kubisha. Juu ya "Punishment" msimamo wangu uko pale pale.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nashangaa hadi sasa hakuna aliyegusa lugha, na kwetu hilo ndilo lingekuwa la kwanza. Huyu ni Mwairishi aliyetunga kwa Kiingereza, lugha ya waliowatawala, na hakuona haya wala hakujisifu. Mwaka 1982 aliwekwa katika mkusanyo wa mashairi ulioitwa wa Kibritania. Mwaka uliofuata akajibu kwa shairi, akiwakumbusha wahariri kwamba pasi yake ya kusafiria ni ya kijani, yaani ya Ireland. Alilisema kwa ucheshi, lakini alilisema.

Shairi ninalotaka kuwaonyesha ni fupi na linaitwa "Broagh". Ni jina la mahali karibu na kwao, linatokana na neno la Kiairishi lenye maana ya ukingo wa mto. Shairi linatembea kwenye ukingo huo, mvua inapiga majani, kisha linasimama ghafla kwenye sauti ya mwisho ya jina lenyewe, ile "gh" ambayo, kwa maneno yake, wageni waliona taabu kuimudu. Msomaji wa pwani atatabasamu, kwa maana sauti hiyo ni jamaa ya "kh" tunayoitamka katika "kheri" na ambayo wengine huifanya "heri" na mambo yakaendelea. Ila angalieni ujanja wake: Mkatoliki na Mprotestanti wa kijiji kile wote wawili wanaitamka vizuri, kwa sababu wote ni wenyeji. Anayeshindwa ni Mwingereza. Katika nchi ambamo majirani walikuwa wakiuana, amepata sauti moja ya kooni inayowaweka pamoja, na hakuitolea hotuba.

Alifanya jambo la namna hiyo alipofasiri "Beowulf", utenzi wa Kiingereza cha kale, tafsiri iliyotoka mwaka 1999. Anasimulia kwamba katika matini ya zamani alikutana na kitenzi cha kustahimili mateso, akakitambua: ni neno "thole" alilolisikia kwa shangazi yake akiwa mtoto, neno ambalo shuleni lingeonekana la kishamba. Kumbe la kishamba ndilo la kale. Anayewajua wazee wetu wanaotunga kwa Kimvita au Kiamu, na anayejua jinsi wanavyosahihishwa na watu waliosoma Kiswahili sanifu peke yake, hatahitaji maelezo yangu.

Mchangiaji kutoka Muscat

Mimi si mtu wa fasihi, ni mhasibu, na nilifika hapa kwa kufuata kiungo alichonitumia dada yangu. Nimesoma shairi lake la kumenya viazi, la tatu katika mfululizo wa soneti nane alizomtungia mama yake aliyefariki mwaka 1984. Wengine wamekwenda kanisani, mama na mwana wamebaki jikoni wanamenya viazi, hawazungumzi, na viazi vinadondoka kimoja kimoja katika ndoo ya maji. Kisha, baada ya mapumziko ya ubeti, tuko kitandani pa mama anayekufa. Kasisi anasali kwa nguvu, wengine wanaitikia, wengine wanalia, na mwana anakumbuka kichwa cha mama kilivyoinama kuelekea chake na visu vyao vikichovya majini. Anasema hawakuwahi kuwa karibu hivyo tena maisha yao yote.

Nilisoma kwamba mwaka 2015 watu wa Ireland walilipigia kura kuwa shairi wanalolipenda kuliko mengine ya miaka 100, katika shindano la shirika lao la utangazaji. Sishangai. Mama yangu na mimi tulikuwa tunachambua mchele. Sina la kuongeza.

Mfasiri

Nimekuwa nikifuatilia bila kuandika, lakini Mwalimu wa Morogoro amenichokoza kwa mshororo wa mwisho wa "Mid-Term Break". Nimekuwa nikiufasiri kwa wiki nzima, na nataka msaada wenu.

Kwa Kiingereza mshororo huo una mizani kumi, yenye mikazo mitano iliyopangika kama hatua za mtu anayepima. Na kuna jambo ambalo sikuliona hadi niliposoma kwa sauti kama tunavyoelekezwa hapa: shairi zima halina mpango wa vina, isipokuwa mishororo miwili ya mwisho, ambayo inafunga kwa kina kamili, "clear" na "year". Baada ya mishororo 20 isiyofungika, mlango unajifunga.

Nilianza kwa kufasiri maana: kasha la futi nne, futi moja kwa kila mwaka. Ni sahihi na limekufa. Nikageuza mpangilio, likatoka hivi:

Kasha lake futi nne, kila mwaka futi moja.

Hesabuni. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, mizani nane, utao, nusu ya pili, mizani nane, jumla 16, kama tarbia yoyote ya wazee wetu. Sikukusudia, nilipiga vidole mezani nikakuta umekaa. Shida ni mshororo ulio juu yake, unaosema kwamba mwili hauna majeraha ya kutisha kwa sababu gari lilimrusha kando kwa pigo moja. Nimejaribu:

Hana kovu la kutisha, gari kwa dharuba moja.

Mizani inatimia, lakini nimefanya "moja" kwa "moja", jambo ambalo mwalimu wa arudhi angenirudishia karatasi. Nimejaribu "kuja", "ngoja", "hoja", "pamoja". Kila moja linaleta jambo ambalo Heaney hakulisema.

Mwanzisha uzi

Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine. Mizani 16 inabembea. Mshororo wako wa mwisho mtu anaweza kuuimba, na sina hakika kwamba msiba ule unataka kuimbwa.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Lakini mshororo ulio juu ya hiyo miwili unasema amelala katika kasha kama alivyokuwa akilala katika kitanda chake cha utotoni. Mtoto wa miaka minne hubembelezwa. Mimi ningeuacha ubembee.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Samahani wakubwa zangu kuingilia. Kama kwa Kiingereza mshororo huo umesimama peke yake, kuna ulazima gani wa kuutafutia mwenzake wa kina? Mtoto mwenyewe yuko peke yake chumbani.

Mfasiri

Nimekisoma kina cha Kiingereza tena, nikaona kwamba kukiacha ni hasara, na sitajidanganya kuwa ni faida. Hata hivyo mdogo wetu wa Dodoma amenitoa mahali nilipokwama. Nimeufuta mshororo wa juu na kuuanza upya bila kina, kwa maneno ya kawaida ya mtu anayesimulia ajali. Huu wa chini sitaugusa tena.